Jua likichomoza redio inakufa: mkondo, kitanzi na safari ya kurudi

Mzee mmoja alikuja karakana kwangu hapa Dodoma akiwa amebeba chaji kontrola ya sola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ndani ya kiroba. "Mbukwenyi, baba," nikamwamkia. Akakaa, akanywa maji, kisha akanieleza tatizo lake kwa maneno machache: "Fundi, jua likichomoza redio yangu inakufa. Likizama, inafufuka."

Redio ilikuwa nzima na betri zake mpya. Yeye husikiliza masafa ya kati na masafa mafupi nyumbani kwake Mvumi, na tangu wanawe wamfungie sola, mchana hasikii kitu ila mngurumo. Fundi wa kwanza alimwambia anunue redio nyingine. Wa pili aliivika kontrola karatasi ya foili, ikakosa hewa, ikapata joto hadi ikawa inajizima saa saba mchana. Mngurumo ukabaki palepale.

Nimeamua kuliandika jambo hili kirefu kwa sababu kosa la fundi wa pili naliona kila wiki, hata kwa vijana waliosoma vizuri. Tunaposikia neno usumbufu wa umeme tunawaza kuziba: tufunike, tuongeze kichujio, tuchimbie waya wa ardhi. Swali linalotakiwa kuja kwanza ni jingine: mkondo huu umetoka wapi, na unarudi kwao kwa njia gani?

Nilipanda naye gari hadi Mvumi nikiwa na redio yangu ndogo inayoonyesha masafa kwa tarakimu. Jua lilikuwa kali. Nikaanza kutafuta mngurumo kwenye masafa ya kati: ukawa mkubwa kwenye kilohezi 558, ukapungua, ukapanda tena kwenye 620, halafu 682. Toa moja kwenye nyingine utapata 62 kila mara. Kwa hiyo, kabla sijafungua hata skrubu moja, nilijua swichi iliyomo ndani ya kontrola inafunga na kufungua mara 62,000 kwa sekunde. Swichi ya namna hiyo haikati umeme taratibu. Inaukata ghafla, na kila mkato wa ghafla huzaa masafa mengine ambayo ni vizidisho vya yale ya asili: mara 9, mara 10, mara 11, na kuendelea juu. Kadiri kingo za mkato zinavyokuwa kali, ndivyo vizidisho vinavyofika mbali.

Kisha nikaizungusha redio taratibu mkononi. Antena ya masafa ya kati ni kijiti cha feraiti, yaani kauri nyeusi inayovuta uga wa sumaku, kilichozungushiwa waya, na kina upande ambao hakisikii. Ukiupata upande huo, kijiti kinakuonyesha mstari wa kule kelele inakotoka. Nilitarajia kinielekeze kwenye kontrola ukutani. Hakikufanya hivyo. Kila nilipohama nafasi, mstari ulinirudisha kwenye nyumba yenyewe, nyumba nzima.

Nikapanda ngazi. Waya mwekundu kutoka kwenye paneli ulipita mbele ya nyumba, juu ya mlango. Waya mweusi ulipita nyuma, kwenye upenu wa jikoni. Wanawe walizinunua siku tofauti, kila waya ukafungwa pale palipokuwa rahisi. Umeme ulifika na betri ilijaa, hakuna aliyeona kosa. Lakini mkondo uliokuwa ukitetemeka mara 62,000 kwa sekunde ulikuwa unatoka kontrola, unapita mbele, unafika paneli, unarudi kwa nyuma. Nyumba yote ilikuwa ndani ya kitanzi. Kitanzi kikubwa chenye mkondo unaotetemeka ni antena, iwe tumekusudia au la.

Tulizishusha nyaya zote mbili tukazisokota pamoja kama kamba ya katani, urefu wote kutoka paneli hadi ukutani. Zikisokotwa hivyo, mkondo wa kwenda na wa kurudi vinakaa bega kwa bega, na uga wa sumaku wa mmoja unafuta wa mwenzake. Pale nyaya zinapoingia kwenye kontrola niliweka kapasita, kile kifaa kinachoshika chaji na kuupitisha mtetemo, miguu yake nimeikata mifupi kadiri nilivyoweza, ili mtetemo upate njia ya mkato ya kurudi kabla haujapanda paa. Kisha nyaya zote mbili, kwa pamoja, nikazipitisha mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti. Foili niliitoa.

Sasa nataka kuwapeleka mbali kidogo, kwa sababu mfano bora ninaoujua wa jambo hili haukutokea kwenye karakana ya sola. Ulitokea CERN, maabara ya utafiti wa chembe ndogo mno iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye mashine iliyoitwa LEP. Ilifanya kazi kuanzia 1989 hadi 2000, ikigonganisha elektroni na positroni, yaani mapacha wao wenye chaji chanya, ndani ya handaki la duara lenye mzingo wa karibu kilomita 27, handaki lilelile ambamo leo ipo mashine iliyoirithi, LHC. Walitaka kupima uzito wa chembe iitwayo Z kwa usahihi mkubwa mno, na jibu lao la mwisho ni GeV 91.1876 (GeV ni kipimo cha nishati ambacho wao hupimia pia uzito wa chembe), shaka ikiwa 0.0021 tu kila upande. Ili upate usahihi huo lazima ujue nishati ya chembe zako bila kubahatisha. Waligundua kwamba mvuto wa mwezi ulikuwa unaunyoosha na kuukunja mzingo wa mashine kwa kama milimita 1, na nishati inabadilika. Hilo walilipigia hesabu.

Mwaka 1995 walikuta jambo jingine. Vipimo vya uga wa sumaku ndani ya handaki vilirukaruka mchana kutwa, vikatulia usiku wa manane, kisha kabla hakujapambazuka vikaanza tena. Ni mzee wa Mvumi kabisa huyo. Walipolinganisha michoro yao na ratiba ya treni za Geneva, vikafuatana. Njia ile ya reli wakati huo ilitumia umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 1,500. Treni huchukua mkondo kwenye waya wa juu, nao hutakiwa kurudi kituoni kupitia reli. Lakini reli imelala ardhini, na mkondo haufuati michoro yetu, hugawana njia zote zilizopo kulingana na wepesi wake. Sehemu yake iliteleza udongoni, ikakuta bomba la metali ambamo chembe hupita, ikaliona njia nzuri ya kusafiria. Ilikuwa kama ampea 1 tu, ikitembea juu ya bomba katikati ya sumaku za kupindisha njia. Ilitosha kuupandisha uga kidogo kidogo kadiri saa zilivyopita, na nishati ikahama kwa MeV kadhaa (MeV 1,000 ni GeV 1). Kwa watu wanaohesabu hadi MeV 2, hiyo ni balaa.

Tangu treni ya umeme ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, wanafunzi wangu huniuliza kama na sisi tutapata hayo. Ya kwetu inatumia volti 25,000 za mkondo geu (AC) wa hezi 50, kwa hiyo tabia zake ni tofauti na zile za Geneva. Kanuni ya kwamba mkondo wa treni lazima urudi kituoni ni ileile.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa waya wa ardhi. Waya wa ardhi ni wa usalama, na usalama hauchezewi. Ila wengi wanaudhani ni jalala, kwamba kelele ukiimwagia ardhini inapotea. Kelele haitaki kwenda ardhini. Inataka kurudi kwenye swichi iliyoizaa. Udongo wetu wa Dodoma, wenye mawe na mkavu kwa miezi mingi ya mwaka, una ukinzani mkubwa. Na hata ungekuwa tope, waya wa mita 10 hadi kwenye fimbo ya ardhi ni koili inayozuia mkondo wa masafa ya juu. Ukiuongeza bila kufikiri umekipa kitanzi chako ukubwa zaidi.

Tuingie ndani ya bodi yenyewe, maana huko ndiko tunakoshinda vita au kuvipoteza. Kila milimita ya njia ya shaba ina uhenri, yaani ukaidi wa kukataa mkondo ubadilike ghafla, wa karibu nanohenri 1. Chukua njia ya milimita 20 kati ya kapasita na transista, ambayo ndiyo swichi yenyewe, ukate mkondo wa ampea 10 ndani ya nanosekunde 10. Zidisha nanohenri 20 kwa ampea 10, gawanya kwa nanosekunde 10: unapata volti 20 zilizozuka kwenye kipande cha shaba ambacho mchoro wako unasema ni waya mtupu. Volti hizo hupigapiga kama kengele, masafa yake yakafika makumi ya megahezi. Kwa hiyo kitanzi kinachoundwa na kapasita ya kuingilia, transista na dayodi ndicho cha kulindwa kuliko vyote. Ukileta kapasita karibu kwa milimita 15 umefanya kazi ambayo vichujio vitatu vya nje haviwezi kuifanya.

CERN nao walilazimika kupita njia hii. Vigunduzi vya LHC, mitambo inayonasa chembe baada ya kugongana, vinakula mkondo mwingi kwa volti ndogo, na nyaya nyembamba zinapata moto. Dawa yao ni ileile ya umeme wa msongo mkubwa unaopita kituo cha umeme cha Zuzu hapa Dodoma: peleka kwa volti kubwa, shusha ukifika. Ukipeleka volti 10 badala ya 2.5, mkondo unapungua mara 4 na joto kwenye nyaya mara 16. Lakini kushusha kunahitaji swichi, na swichi hiyo inakaa kando ya vipande vya silikoni vinavyosikiliza chembe. Chembe ikipenya silikoni yenye unene wa maikromita 300 huachia elektroni 22,000 hivi. Piga hesabu: swichi ikiruka volti 10, inahitaji kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji, ya femtofaradi 0.35 tu kati yake na silikoni ili isukume elektroni nyingi kama hizo. Kapasita ya kawaida ya nanofaradi 100 ni kubwa kuliko hiyo karibu mara milioni 300. Na kwenye kigunduzi cha CMS kuna uga wa tesla 3.8, ambamo feraiti hushiba sumaku na kuwa kama haipo. Wakatumia koili isiyo na kiini, iliyokunjwa umbo la andazi lenye tundu ili uga ubaki ndani, swichi ikienda kwa masafa ya megahezi, na juu yake kifuniko chembamba cha metali. Angalia mpangilio huo: kifuniko kimekuja mwisho, baada ya kitanzi kufanywa kidogo.

Jambo moja bado, na hili nawasihi. Kipimo nacho ni kitanzi. Kijana mmoja karakana alinionyesha kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye skrini, vilele vya volti 3 kwenye chaja aliyoitengeneza, amekata tamaa. Nilitoa ule waya mweusi wa kipimio wenye kibano cha mamba, nikaweka springi fupi kwenye ncha ya kipimio, nikagusa miguu miwili ya kapasita. Vilele vikashuka chini ya volti nusu. Chaja ilikuwa salama, waya wa kipimo ndio uliokuwa unaokota kelele hewani.

Mzee alinipigia mchana wa siku ya pili. Alinisikilizisha redio kupitia simu, mtangazaji anasikika vizuri saa tisa na nusu mchana. Anasema imebaki sauti ndogo ya nyuki sehemu moja, na inakuja tu taa ya sebuleni ikiwashwa. Jumamosi narudi Mvumi na taa nyingine mfukoni.