Kumhurumia Asuka si kumtetea
Mashabiki wengi wa Neon Genesis Evangelion, anime (katuni ya Kijapani) ya 1995 kuhusu vijana wanaoendesha maroboti makubwa, hudhani ukimwonea Asuka huruma umempuuza Shinji, rubani mwenzake. Si kweli. Asuka alikuwa mtoto aliyekimbia kumpasha mama yake habari njema, kwamba amechaguliwa kuwa rubani, akafungua mlango na kumkuta amejinyonga. Roho huniuma kila nikiitazama sehemu ile. Lakini Shinji hahusiki na kifo hicho, na matusi anayomporomoshea ni kosa la Asuka mwenyewe.

Shinji naye alitelekezwa na baba yake. Hilo halimsafishi. Mwishoni mwa filamu ya 1997 inayohitimisha hadithi hiyo, ufukweni, anamkaba Asuka koo. Asuka anampapasa shavu, mikono ya Shinji inalegea, analia. Hapo nawahurumia wote wawili, na bado namlaumu Shinji.