Gemu na macho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, kucheza gemu kunapofusha?

Hapana. Mwanga wa simu au televisheni ni hafifu mno ukiulinganisha na wa nje saa sita mchana. Macho yanasumbuliwa na kutopepesa, kutazama karibu kwa muda mrefu na, kwa watoto, kushinda ndani.

Mbona macho yananichoma, halafu yanatoa machozi?

Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akikodolea kioo cha simu au televisheni, idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na mara nyingi ukope wa juu hauteremki mpaka chini. Mtazame anayecheza gemu ya mpira, wamefungana bao moja moja na dakika zinayoyoma: kope zimesimama kama za samaki.

Machozi si maji matupu. Juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta yanayozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vidogo ukingoni mwa kope, na hukamuliwa kope zinapokutana. Usipofumba sawasawa hayatoki vizuri, maji yanakauka upesi, na jicho linaanza kuwasha kama lina mchanga. Likishakereka ndipo linamwaga machozi ya majimaji yasiyokaa. Kwa hiyo jicho linalochuruzika laweza kabisa kuwa jicho kavu.

Kwenye mabanda ya gemu kuna jambo la pili: feni. Ikiwapuliza wachezaji usoni, inamalizia kazi. Igeuzie ukutani. Kioo nacho kikae chini kidogo ya usawa wa macho, ili ukope ufunike sehemu kubwa zaidi ya jicho. Kila mechi ikiisha, fumba taratibu, hesabu mbili, fumbua. Rudia mara 10.

Nikimaliza kucheza, vitu vya mbali naviona kwa ukungu. Nimeharibika macho?

Ukungu unaoondoka baada ya dakika chache ni uchovu. Ukitazama karibu, msuli mdogo ndani ya jicho hujikaza ili lenzi inenepe. Ukiukaza saa mbili mfululizo, hauachii mara moja. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20: paa la jirani, mnazi, gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Kuweka pedi ya kuchezea chini na kufungua WhatsApp si mapumziko. Msuli ni uleule, na simu iko karibu zaidi kuliko televisheni.

Mwanangu anacheza kutwa. Atahitaji miwani?

Inawezekana, na hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Kwa mtoto asiyeona mbali, jicho lake limerefuka kupita kiasi, na urefu ule haurudi. Kazi za karibu zinachangia, lakini mwanga wa nje ndio kinga tunayoijua vizuri. Taiwan ilianza mwaka 2010 kuhimiza shule ziwatoe wanafunzi nje dakika 120 kwa siku. Idadi ya wanafunzi wenye uoni hafifu, iliyokuwa ikipanda kwa miaka, ikaanza kushuka. Kwa hiyo kabla ya kumnyang'anya simu, mpe saa mbili za nje mchana. Kivuli cha mwembe kinatosha, si lazima achomwe na jua.

Walio chini ya miaka 5 ni habari nyingine: Shirika la Afya Duniani linashauri wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja ya kioo kwa siku.

Akae umbali gani?

Simu: sentimita 35 hadi 40, yaani toka kiwiko hadi ngumi kwa mtu mzima. Kompyuta: urefu wa mkono. Televisheni: mita 2 au zaidi. Taa ya chumba iwashwe.

Miwani ya kuchuja mwanga wa bluu inasaidia?

Kwa uchovu wa macho, utafiti haujaonyesha faida. Weka hela yako. Kinachoharibika usiku ni usingizi. Acha kucheza saa moja kabla ya kulala.

Ninunue dawa gani ya matone?

Machozi bandia, basi. Usichukue dukani, bila kupimwa, kichupa chenye jina linaloanza na "dexa" au "predni". Ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe: wekundu unaisha kwa siku mbili na unafurahi, lakini ukiizoea inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha hiyo kwa kawaida haiumi. Utaijua tayari imekula sehemu ya uoni.

Lini niende hospitali?

Siku hiyohiyo, ukiona vimulimuli vya ghafla, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au kama pazia linashuka upande mmoja. Hali kadhalika maumivu makali yenye ukungu. Kwa mtoto: anakunja uso kusoma ubaoni, jicho moja linakwenda upande, au anasugua macho kila mara. Na mboni ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja wiki ijayo.