Hologramu si kila picha inayoelea

Ukumbi ukifunga skrini kubwa ya taa, tangazo linasema kuna hologramu. Feni ya taa inayozunguka dukani na kuonyesha chupa ya soda hewani nayo inaitwa hologramu. Msanii aliyefariki akionekana anaimba jukwaani, vijiwe vyote vya Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, vinakubaliana kwamba ile ni hologramu. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na hakuna hata kimoja ambacho ni hologramu.

Hologramu ni kumbukumbu ya mwanga uliotoka kwenye kitu, iliyochukuliwa kwa leza juu ya bamba au filamu. Bamba hilo likimulikwa vizuri, linautoa mwanga ule ule tena, kana kwamba kitu bado kipo nyuma yake. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachosumbua ni jina.

Jina lilitungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: holos, yaani -zima, na gramma, yaani kilichoandikwa. Andiko zima. Kwa Kiswahili tunateleza hapo hapo, kwa sababu mzima kwetu ni aliye kamili na pia ni aliye hai. Mtu akimwona marehemu anatembea jukwaani, neno linamkaa vizuri: huyu ni mzima. Lakini uzima unaotajwa kwenye hologramu ni wa ukamilifu, na ukamilifu wenyewe ni wa mwanga.

Aliyebuni njia hiyo ni Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Budapest. Mwaka 1947 alikuwa akifanya kazi Uingereza, akihangaika kuboresha hadubini ya elektroni. Picha ya kawaida huandika kitu kimoja tu: mwanga mwingi umeangukia wapi na mchache wapi. Gabor alitaka kuandika pia jinsi mawimbi ya mwanga yalivyofika. Simama ufukweni Kibirizi maboti mawili yakipita. Mawimbi yao yanakutana: kilele kikikutana na kilele maji yanapanda zaidi, kilele kikikutana na bonde maji yanatulia. Mchoro ule juu ya maji una habari za maboti yote mawili. Hologramu ni mchoro wa namna hiyo. Mwanga uliogonga kitu unakutana na mwanga uliokuja moja kwa moja kutoka kwenye leza, na bamba linanasa makutano yao.

Gabor aliwahi mno, kwani leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Baada ya hapo, mwaka 1962, Emmett Leith na Juris Upatnieks walianza kupata hologramu za vitu vyenye umbo kamili huko Michigan, Marekani, na Yuri Denisyuk katika Umoja wa Kisovyeti akapata zinazoonekana kwa mwanga wa kawaida. Gabor alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Uzima wa andiko hilo unapimika. Kata hologramu ya leza vipande viwili, na kila kipande kitakuonyesha kitu chote, ila utakitazama kama kwa kupitia dirisha dogo zaidi. Sogeza kichwa kulia, utaona ubavu ambao ulikuwa umejificha. Kupiga hologramu nako kunadai utulivu mkubwa: kitu kikisogea hata sehemu ndogo ya elfu moja ya milimita wakati wa kuchukuliwa, mchoro unaharibika. Leza ya mmweko mfupi sana inaweza kumchukua binadamu, lakini inamgandisha. Haimchukui akiimba na kuruka jukwaani.

Hologramu ya kweli huenda imo mfukoni mwako. Kadi nyingi za Visa zimekuwa na njiwa wa rangi ya fedha. Mwinamishe chini ya taa, mabawa yanabadilika. Ni hologramu iliyochapwa kwa mgandamizo, nyembamba kuliko karatasi, na imewekwa pale kwa sababu mashine ya kutoa kopi haiwezi kuiiga.

Sasa cha jukwaani. Aliyesafiri kwa treni kutoka Tabora kuja Kigoma usiku amekiona bila kukijua. Treni ikishaiacha Kaliua, nje giza, ndani ya behewa taa zinawaka. Unatazama dirishani, na uso wako unaelea huko nje juu ya miombo, miti inapita ndani yake. Kioo kinapitisha mwanga na wakati huo huo kinarudisha kidogo. Mchana hukioni hicho kidogo kwa sababu nje kunang'aa.

Mwaka 1862 John Henry Pepper aliutumia ujanja huo huo jijini London, akiendeleza wazo la Henry Dircks, kumleta mzuka kwenye mchezo wa kuigiza. Tangu hapo unaitwa mzuka wa Pepper. Ujaribu nyumbani. Chukua kioo cha fremu ya picha, kisimamishe wima mezani. Weka mshumaa unaowaka sentimita 30 mbele yake na glasi ya maji sentimita 30 nyuma yake, kisha zima taa. Kinga mshumaa kwa kitabu ili macho yako yaone kioo tu. Utaona mshumaa unawaka ndani ya maji. Vipimo visipolingana moto unakaa kando ya glasi, maana taswira huonekana nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ambao kitu kiko mbele. Usipozima taa huoni kitu, kwa kuwa kioo cha kawaida hurudisha takriban sehemu moja tu ya kumi ya mwanga.

Tupac, rapa wa Marekani aliyefariki mwaka 1996, alionekana kwenye tamasha la Coachella huko huko Marekani mwaka 2012 kwa njia hiyo. Badala ya kioo kizito hutumika filamu ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, iliyovutwa ikakaza na kuinamishwa nyuzi 45, na picha hutupwa kwenye sehemu ya chini ambayo watazamaji hawaioni. Filamu ikipata mkunjo, msanii anapinda kiuno. Upepo ukiipiga, anatetemeka. Kwenye uwanja wa wazi, upepo wa ziwa unapovuma, kazi hiyo ni ngumu mno.

Mtu atauliza inamhusu nini mnunuzi wa tiketi. Inahusu kiti. Kwa taswira ya kioo kaa katikati, usiende safu ya mbele kabisa wala pembeni: picha yenyewe ni bapa, ukiitazama kwa upande msanii anakonda, na ukiwa karibu sana unaweza kuona mitambo. Zima mmweko wa simu. Unapita kwenye filamu, unamulika vumbi na pazia jeusi la nyuma, na mzuka unafifia kwa ukumbi mzima. Tazama miguu: mara nyingi haigusi sakafu sawasawa wala haitoi kivuli.

Kwa skrini ya taa hesabu ni nyingine. Fundi muulize nafasi kati ya taa na taa. Ikiwa milimita 4, usikae chini ya mita 4. Mita 10 ndipo nukta zinapoungana vizuri. Simu ikionyesha michirizi, skrini ni nzima: vinukta vya kamera vinagongana na vya skrini. Sogea nyuma au punguza kuvuta picha. Hata maonyesho ya bendi ya ABBA jijini London, yaliyoanza mwaka 2022 na kuitwa hologramu kila mahali, ni skrini ya aina hii yenye nukta milioni 65, na taa za ukumbi zimepangwa zifuatane na vivuli vya picha. Sphere, ukumbi wa mviringo wa Las Vegas, Marekani, uliofunguliwa mwaka 2023, nao una skrini iliyopinda juu ya vichwa. Ndugu yako aliyeko huko mwambie asinunue safu za nyuma za ngazi ya chini, kwani dari la ngazi ya juu linamkatia picha.

Feni ni feni. Taa zimepangwa kwenye mapanga, zinazunguka kasi, jicho linaziunganisha.

Kwa hiyo mwenye ukumbi akikwambia ana hologramu, huna haja ya kumbishia. Muulize kwa upole tu: ni ya kioo au ya skrini? Mafundi wake watajua jibu, nawe utajua ukate tiketi ya upande gani. Neno hologramu tumwachie njiwa wa kwenye kadi.