Nishani ya Babu: Soma Ukingo Kabla ya Kuisugua

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna kitu cha duara kilichofungwa kwenye leso, kikawekwa chini ya sanduku pamoja na hati za shamba na picha za zamani. Wenyewe hukiita medali ya babu, beji ya Mjerumani au sarafu ya mfalme. Wanaotuletea makumbusho huuliza kwanza kitauzwa kiasi gani. Sisi tunaofanya kazi ya kuvitambua huanza na swali jingine: kuna mtu amekisugua?

Tuanze na nishani inayoonekana zaidi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, upande wa Waingereza. Ni ya fedha, upana wa milimita 36. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George V akitazama kushoto. Upande wa pili kuna mwanamume aliye uchi juu ya farasi, miaka 1914 na 1918, na chini ya kwato ngao yenye tai wa Prussia. Mara nyingi ilitolewa pamoja na mwenzake wa rangi ya shaba, mwenye umbo la mwanamke mwenye mabawa. Nyuma yake kuna maandishi ya Kiingereza yanayoishia na 1914-1919. Utepe usiutegemee sana, kwa kawaida umeshaoza au umebadilishwa. Na ukikuta ya shaba iko peke yake, uliza kama ile ya fedha haikupelekwa kwa sonara. Nyingi ziliyeyushwa zikawa pete na vipuli.

Lakini sura hizo zote zilipigwa kwa mamilioni, na zinafanana. Kinachoitofautisha nishani ya babu yako na nyingine zote ni ukingo, ule unene wa pembeni. Ilaze kwenye kitambaa cha pamba, punguza mwanga wa chumba, kisha mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu na usawa wa meza. Herufi ambazo mchana hazikuonekana zitatoa kivuli. Soma ukiizungusha polepole: inaanza namba, kisha cheo kwa kifupi, PTE ikiwa ni askari wa kawaida, CPL ikiwa koplo, halafu jina, na mwisho kikosi. K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ndiyo Keya ya wazee wetu.

Namba iliyo karibu na herufi hizo ina habari yake. Kikosi cha 1 na cha 2 vilikuwa vya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, cha 3 Kenya, cha 4 Uganda. Cha 6 kiliundwa mwaka 1917, na wengi wa askari wake walikuwa wamepigana upande wa Mjerumani wakatekwa. Kwa hiyo bibi akisema mzee alikuwa askari wa Mjerumani, na nishani ina kichwa cha mfalme wa Uingereza, msibishane. Huenda vyote viwili ni kweli.

Jina nalo lisome kwa sauti. Karani aliliandika kama alivyolisikia, na askari mwenyewe pengine alijiandikisha kwa jina la utani au la baba. Jina ambalo kwa macho halieleweki, mzee wa ukoo akilisikia likitamkwa hulitambua mara moja.

Nasisitiza ukingo kwa sababu ya jinsi vita ile ilivyoandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi kutoka Taveta hadi Rufiji na kusini zaidi ndio walioachwa nje zaidi ya wote. Katika hali hiyo, ukingo wa nishani unaweza kuwa mahali pekee ambapo jina la mtu wa familia yenu liliwahi kuandikwa na jeshi alilolitumikia. Ukiisugua kwa majivu, mchanga, ukwaju au dawa ya kung'arishia masinia, unalifuta herufi kwa herufi. Tumepokea nishani zinazong'aa kama mpya huku ukingo ukiwa mtupu. Weusi juu ya fedha hauli chuma, uache. Kama kuna vumbi, brashi laini kavu inatosha.

Nyota zenye pembe sita za Vita vya Pili, kama ile ya Burma waliyopata askari wa Keya waliopigana huko mwaka 1944, hazina msaada huo. Waingereza walizitoa bila jina. Hapo karatasi ndiyo kila kitu: cheti cha kuachishwa jeshi, barua, hata boksi dogo la posta. Usitenganishe nyota na karatasi zake.

Kuna nyingine ambayo familia huileta kwa kusitasita. Ina kichwa cha Malkia Elizabeth na kibamba, yaani kipande chembamba cha chuma kwenye utepe, kilichoandikwa KENYA. Ilitolewa kwa waliotumikia upande wa serikali wakati wa vita dhidi ya Mau Mau, kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Ukingo wake una jina. Tunaiandika kama tunavyoandika nyingine, na hatumhukumu aliyeileta.

Sarafu pia huchanganya watu. Kipande cha rangi ya shaba chenye taji, mwaka 1916, D.O.A. (kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani) na herufi T si nishani. Ni heller 20 za Wajerumani, zilizopigwa Tabora walipokatiwa njia ya bahari, na maganda ya mizinga yalitumika kuzitengeneza.

Kuhusu maganda yenyewe, yale yanayotumika kama vyombo vya maua: likiwa wazi juu na tupu ndani, piga picha ya kitako chake, kwani mwaka na kiwanda huandikwa pale. Likiwa na kichwa chake bado, au kama ni kitu chenye pini au kizito kupita kiasi, usikiguse, usikisogeze na usikipeleke kituoni kwa bodaboda. Waondoe watoto, upigie polisi waje wenyewe. Umri haukifanyi salama. Bunduki, hata iliyoota kutu, iko chini ya sheria za silaha. Toa taarifa kabla ya kuisafirisha.

Ukija makumbusho, njoo na picha za pande zote mbili, picha nne za ukingo, karatasi zilizopo, na maelezo ya mzee anayekumbuka, yakiwa yamerekodiwa kwenye simu. Kuonyesha si kukabidhi. Tutaandika tulichokisoma, tukupe nakala, na nishani utarudi nayo nyumbani.