Mwacheni jongoo aseme

Wiki hii mzazi mwingine kanisubiri mlangoni baada ya kipindi changu cha hadithi za wanyama. "Mwalimu, naomba usimfanye jongoo aongee. Mwanangu ataamini." Ombi hili nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mtoto wa miaka minne anajua jongoo haongei. Nimewauliza wengi huku jongoo mwenyewe akinitembelea kiganjani, nao hujibu bila kusita: "Ni wewe uliyekuwa unaongea, mwalimu." Sauti ya mnyama haimpotoshi mtoto. Kinachompotosha ni yale ambayo mnyama wa hadithi anayatenda.

Konokono ndiye aliyenifundisha hilo. Nilikuwa na hadithi ya konokono aliyechoka kubeba nyumba yake, akaiacha chini ya jani, akaenda kucheza, na baridi ya usiku ilipomzidi akarudi kujificha. Watoto waliipenda sana. Kesho yake, mvua ilipokatika, tukatoka kuwatafuta konokono, nikamkuta mtoto mmoja amemkamata wake kwa vidole viwili, anamvuta kichwa. Hakuwa na ukatili wowote. Alikuwa anamsaidia atoke akacheze.

Konokono hatoki! Gamba ni sehemu ya mwili wake. Huanguliwa akiwa nalo, hulikuza kwa kuongeza tabaka pale kwenye mdomo wa gamba kadiri naye anavyokua, na msuli wenye nguvu umemshikiza humo ndani. Kumtoa ni kumuua. Yule mtoto aliamini uongo niliompa mimi, na uongo huo haukuwa kwamba konokono alizungumza.

Tangu siku hiyo mnyama wangu husema lolote apendalo, ila hafanyi jambo ambalo mnyama halisi hafanyi. Jongoo anaweza kulalamika kutwa nzima, lakini akiogopa anajikunja, hatimui mbio, na chakula chake ni majani yanayooza. Nyungunyungu anaukimbia mchanga mkavu kwa sababu anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Ndiyo maana tunalowesha mikono kabla ya kumshika. Na hapana, ukimkata katikati hupati nyungunyungu wawili. Kwamba unapata wawili naambiwa na watu wazima, tena kwa uhakika wote! Kipepeo naye aachwe atoke mwenyewe kwenye pupa, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Anapotoka mabawa yamejikunjakunja, inabidi ayasukumie majimaji ya mwilini hadi yanyooke, kisha yakauke. Mkono wenye haraka ya kumsaidia unaweza kumwacha na mabawa mabovu maisha yake yote.

Usalama kwa ufupi: tandu hashikwi, viwavi wenye manyoya hawashikwi, jongoo hutoa majimaji yanayowasha, basi mikono inaoshwa. Kila mnyama anarudishwa pale alipookotwa.

Sasa linalonisumbua. Mwaka 2014 Patricia Ganea, mtafiti wa saikolojia ya watoto, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 3 hadi 5 waliosomewa vitabu vya wanyama wasiowafahamu. Waliosomewa kuhusu wanyama waliosimuliwa kama binadamu walijifunza mambo ya kweli machache kuliko wenzao kuhusu wanyama hao, na walielekea zaidi kudhani kwamba wanyama huwaza na kuhisi kama sisi. Kwa hiyo mzazi yule hajakosea kabisa, na siwezi kujifanya sijausoma. Ila watoto wale walikuwa na kitabu tu. Wangu wana konokono kiganjani asubuhi ileile. Naamini mkono hulisahihisha sikio. Naamini tu, sijapima.

Hata hivyo utafiti ule umenibadilisha. Mnyama tusiyeweza kumshika wala kumtazama, kama nyangumi, katika hadithi zangu hasemi neno. Nasimulia anavyopanda juu ya maji kuvuta pumzi na anavyomnyonyesha mtoto wake, na hayo yanatosha kabisa kumwacha mtoto kinywa wazi. Pia nimegeuza mpangilio: kwanza mkono, hadithi baadaye. Wakishamtazama konokono kwa lenzi wanauliza wenyewe mbona macho yake yako kwenye ncha za zile pembe ndefu. Hapo ndipo namleta konokono anayechungulia juu ya jani, anaguswa na tone la maji, na jicho linazama ndani. Hadithi hiyo sikuiandaa nyumbani, ilitoka kwenye swali lao.

Wapo wasiotaka kugusa. Siwalazimishi, ingawa kila mara najiuliza kama ninawaheshimu au ninawakosesha. Mmoja alikaa pembeni wiki tatu, mikono kaificha nyuma. Wiki ya nne akaomba asimulie yeye. Jongoo wake alisema, "Usinikanyage, nakula majani yangu." Halafu mtoto akainama, akakumbatia magoti, akajikunja pale chini kama duara, akatulia hivyo mpaka wenzake waliponyamaza.