Mpasuko wa chama: maana yake, na kwa nini huumiza zaidi uchaguzi wa mitaa unapokaribia

Neno mpasuko limezoeleka mno katika habari za siasa za Tanzania, hata siku hizi viongozi wawili wa chama kimoja wakipishana kauli tu tunaambiwa chama kimepasuka. Matumizi hayo yanalipunguzia neno uzito wake, na yanamnyima msomaji nafasi ya kuelewa jambo lenye madhara makubwa kwa vyama vya upinzani. Mpasuko hutokea pale ambapo ndani ya chama kimoja, chenye jina moja na usajili mmoja, zinazuka pande mbili, na kila upande unadai kuwa ndio chama chenyewe. Kila upande una viongozi wake, unaitisha vikao vyake na kuwafukuza wa upande wa pili, na hakuna kikao hata kimoja ambacho wote wanakikubali kuwa na mamlaka ya kuamua nani mwenye haki.

Hilo la mwisho ndilo kipimo. Desemba 2024 Tundu Lissu alitangaza kuwania uenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA dhidi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa ameushika tangu 2004, na kwa wiki kadhaa wanachama wakagawanyika kambi mbili zilizorushiana maneno makali. Wengi walisema chama kimekwisha. Hata hivyo, mkutano mkuu ulipofanyika Mlimani City mwezi Januari 2025, wajumbe wa kambi zote mbili walipiga kura katika ukumbi mmoja, Lissu akapata 513 na Mbowe 482, na Mbowe akayakubali matokeo. Huo ulikuwa ushindani, tena mkali, lakini haukuwa mpasuko, kwa sababu waliokuwa wakivutana walikubaliana juu ya sanduku la kura. Hata viongozi walioondoka miezi michache baadaye kwenda chama kingine cha upinzani, CHAUMMA, waliondoka kama watu wanaohama chama, wala hawakudai kuwa CHADEMA ya kweli ni yao.

Mpasuko wenyewe tuliuona katika chama kingine cha upinzani, CUF, kati ya 2016 na 2019, na nadhani hakuna mfano mwingine katika historia ya vyama vingi nchini unaoonyesha hatua zake kwa uwazi kama huo. Ulianza kwa jambo lililoonekana dogo. Agosti 2015, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti kwa kutokubaliana na uamuzi wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani ambao CUF ilikuwemo, kumsimamisha Edward Lowassa, aliyekuwa ametoka chama tawala cha CCM, kuwania urais. Juni 2016 akaandika barua ya kutengua kujiuzulu kwake. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mujibu wa katiba ya chama, kujiuzulu kwa kiongozi hakukamiliki mpaka kukubaliwe na mamlaka iliyomchagua, yaani mkutano mkuu, na mkutano huo ulikuwa haujakaa. Upande wa Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, ulishikilia kwamba mtu aliyeondoka kwa hiari yake chama kikiwa vitani hawezi kurudi kitini kwa barua. Mkutano mkuu maalumu ulioitishwa Agosti 2016 pale Ubungo Plaza ili kulimaliza suala hilo uliishia kwenye vurugu, na kuanzia siku hiyo kila upande ukawa na tafsiri yake ya kilichoamuliwa.

Kilichofuata ndicho kinachotofautisha mpasuko na ugomvi wa kawaida. Septemba 2016 Msajili wa Vyama vya Siasa alitoa msimamo kwamba anamtambua Lipumba kuwa mwenyekiti halali. Siku chache baadaye Baraza Kuu la Uongozi la upande wa Maalim lilikaa Zanzibar likatangaza kumfukuza uanachama. Yeye alikuwa ameshaingia ofisi kuu ya Buguruni, Dar es Salaam, akisindikizwa na wafuasi wake, na upande wa Maalim ukabaki ukiendesha shughuli zake kutoka Zanzibar. Magazeti yakaanza kuandika CUF ya Lipumba na CUF ya Maalim, na wasomaji wakayazoea majina hayo kana kwamba vyama viwili vimesajiliwa.

Hapa ndipo penye kidonda. Chama kikishakosa kikao kinachokubaliwa na wote, maamuzi yake yanahamia nje. Nani mwenyekiti, linakuwa swali la Msajili na mahakama. Ruzuku iingie akaunti ipi na nani aweke saini, linakuwa swali la serikali na benki. Nani mjumbe wa bodi ya wadhamini, lilipelekwa Mahakama Kuu, ambayo Februari 2019 ilizibatilisha bodi za pande zote mbili. Julai 2017 upande wa Lipumba uliwavua uanachama wabunge 8 wa viti maalumu, Spika akatangaza kuwa viti vyao viko wazi, na Tume ya Uchaguzi ikateua wengine kujaza nafasi hizo. Upande wa Maalim ulimtuhumu Msajili kwa kuingilia mambo ya chama. Hata mtu asiyeikubali tuhuma hiyo atakubali kwamba chama cha upinzani ambacho mwenyekiti wake anathibitishwa na ofisi ya serikali kimeshapoteza sehemu ya upinzani wake, awe ameshinda yupi.

Wapo pia waliochoka kusubiri. Wabunge wa CUF wa Kinondoni na Temeke, Maulid Mtulia na Abdallah Mtolea, walihamia CCM kwa nyakati tofauti, Desemba 2017 na Novemba 2018, na wote wawili wakarudi bungeni kwa tiketi ya chama tawala. Wapiga kura waliokuwa wamesimama foleni mwaka 2015 kuipa CUF majimbo hayo hawakuulizwa kabla wabunge wao hawajahama.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao hufanyika kila baada ya miaka 5, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, kuchagua wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Wengi huuona mdogo. Lakini mwenyekiti wa mtaa ndiye mtu ambaye mwananchi humwendea anapohitaji kutambulishwa, anapogombana na jirani juu ya mpaka, au mgonjwa wa familia isiyo na uwezo anapotafutiwa msaada. Kwa chama cha upinzani, wenyeviti hao ndio uti wa mgongo wa kampeni ya mwaka unaofuata, kwa kuwa ndio wanaojua nani anakaa wapi na nani anaweza kuaminiwa kuwa wakala kituoni.

Uchaguzi huo unategemea ngazi ya chini kabisa ya chama. Mgombea lazima adhaminiwe na chama, na fomu yake ina sehemu ya kiongozi wa chama kuthibitisha udhamini huo. Msomaji aliyewahi kukaa katika tawi anajua ofisi yenyewe ilivyo: chumba kimoja cha kukodi, mara nyingine sebule ya mwanachama, bendera imefungwa kwenye mti wa mwembe, na muhuri unatunzwa mkobani mwa katibu. Chama kikiwa kizima, hayo yanatosha. Kikipasuka, katibu mwenye muhuri yuko upande huu na mwenyekiti wa tawi yuko upande ule, na mgombea anazunguka na fomu mkononi asijue saini ya nani itakubaliwa atakapoirudisha kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi. Kwenye ngazi ya taifa viongozi wanaweza kuvutana mahakamani kwa miaka miwili na bado wakaendelea kuitwa viongozi, ilhali kwenye mtaa muda wa kuchukua na kurudisha fomu ni siku chache tu, na zikipita zimepita.

Tena mpasuko huvunja mambo ambayo hayaandikwi popote. Katika uchaguzi wa mitaa wa Desemba 2014, vyama vya UKAWA vilijaribu kuachiana maeneo ili visigawane kura. Makubaliano ya namna hiyo hufanywa na watu wanaoaminiana, na kila mmoja lazima awe na hakika kwamba aliyeketi mbele yake anaweza kuwaagiza watu wake wakatii. Chama chenye pande mbili hakiwezi kutoa ahadi hiyo, kwani mkikubaliana na upande mmoja, upande wa pili utasimamisha mgombea wake ili kuonyesha kuwa nao upo.

CUF haikuwa ya kwanza. NCCR-Mageuzi ilitoka katika uchaguzi wa 1995 ikiwa na wabunge 16 wa majimbo na mgombea urais, Augustine Mrema, aliyepata zaidi ya robo ya kura. Ikaingia katika mvutano kati ya upande wa Mrema na ule wa Mabere Marando, Mrema akahamia TLP mwaka 1999, na katika uchaguzi wa 2000 chama kikabakiwa na jimbo 1.

Machi 18, 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba Lipumba ndiye mwenyekiti halali wa CUF. Siku hiyohiyo Maalim Seif alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo kwa kauli iliyobaki midomoni mwa watu: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Zanzibar, ambako matawi karibu yote yalikuwa naye, kuhama kulifanyika kwa kasi ya ajabu, na ofisi nyingi zilizokuwa za CUF zilipakwa rangi ya zambarau ya chama kipya katika muda wa saa chache. Bara mambo yalikuwa tofauti. Lindi, Mtwara, Tanga na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, ambako CUF ilikuwa na mizizi, tawi moja lilimfuata Maalim na la jirani likabaki na Lipumba, na yapo yaliyogawanyika katikati.

Na uchaguzi wa mitaa wa mwaka huo ulikuwa wa Bara peke yake. Kutoka Machi mpaka fomu zilipoanza kutolewa mwishoni mwa Oktoba kulikuwa na miezi 7 tu ya kusajili wanachama upya, kuchagua viongozi wa matawi, kuchonga mihuri na kutafuta watu wa kusimama. Mwezi Novemba wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, wakiwemo wa CHADEMA ambayo haikuwa na mpasuko wowote, na vyama kadhaa, ACT-Wazalendo kikiwemo, vikatangaza kujitoa. Kwa hiyo matokeo ya Novemba 24, ambapo CCM ilitangazwa kuchukua zaidi ya asilimia 99 ya mitaa, vijiji na vitongoji, hayawezi kutupiwa mgogoro wa CUF. Ila katika mitaa ambayo wenyeviti wake walichaguliwa kwa tiketi ya CUF mwaka 2014, mgogoro ulikuwa umeshafanya kazi yake kabla mgombea wa kwanza hajaenguliwa: bendera zilikuwa mbili kwenye barabara moja, na watu walewale waliobandika mabango pamoja miaka 5 nyuma walikuwa hawasalimiani.