Noti mbili za dola moja

Nafundisha historia ya Marekani, na somo la dini na siasa huwa naanza kwa noti mbili za dola moja: ya toleo la 1935 na ya siku hizi. Wanafunzi wanazigeuza nyuma. Kwenye noti mpya, katikati kwa juu, pana maneno ya kusema tumaini letu liko kwa Mungu. Kwenye ile kuukuu, hapo ni patupu.

Wengi hushtuka, maana walidhani maneno hayo ni urithi wa waasisi. Sarafu ziliyapata 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Noti zilingoja hadi 1957, wakati wa kushindana na Wasovieti. Februari 1954 mchungaji George Docherty alihubiri Washington, Rais Eisenhower akiwa kanisani, kwamba kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani, kilivyokuwa bila kumtaja Mungu, hata mtoto wa Moscow angeweza kukitamka kwa bendera yake. Kufikia Juni, maneno "chini ya Mungu" yalikuwa yameingizwa katika kiapo hicho kwa sheria.

Katiba ya 1787 yenyewe haimtaji Mungu ila kwenye tarehe yake, "mwaka wa Bwana wetu". Tena Ibara ya 6 inakataza kumnyima mtu cheo cha serikali kwa sababu ya dini.

Linaloniuma ni kusikia kwamba ule "ukuta" wa kutenganisha dini na serikali ulijengwa na watu wasiopenda dini. Hapana. Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, walikuwa wachache katika jimbo lenye kanisa lake rasmi. Mwaka 1801 walimwandikia Rais Jefferson wakilalamika kwamba uhuru wao wa kuabudu ulichukuliwa kama hisani ya wakubwa, si haki yao. Jibu lake la Januari 1, 1802 ndilo lenye neno ukuta. Walioulilia ni watu wa sala, waliojua uchungu wa kutozwa kodi kwa ajili ya kanisa la wengine. Mwanasiasa akisema leo kwamba ukuta huo ni uadui kwa Wakristo, mimi huwakumbuka hao.

Januari 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, alifanya hafla ya kiapo akiwa ameweka mkono juu ya Kurani iliyotoka Maktaba ya Bunge. Ilikuwa ya Jefferson, aliyeinunua 1765 akiwa kijana anayesomea sheria.